Kuongeza Nguvu ya Injini: Nani Ashike Spana?

Kila mwenye gari mjini ana fundi wake, na kila mwenye fundi ana malalamiko yake. Hilo limenidhihirikia tangu nilipoanza kugusia habari za magari katika mazungumzo haya ya redioni. Maswali ninayoletewa ni mengi, lakini ukiyapepeta unabaki na moja tu: "Gari langu limechoka. Nataka kulifunga injini kubwa zaidi, au kuliwekea turbo. Je, nimlipe mwenye gereji, au ninunue vifaa nifanye mwenyewe nyuma ya nyumba?" Wapo wanaoongeza kwamba siku hizi kila kitu kinaonyeshwa katika video za simu, kwa hiyo fundi wa nini tena?

Swali hilo linahusu fedha nyingi za mtu anayeishi kwa mshahara, na linahusu pia roho za watu wanaopanda gari hilo na wanaovuka barabara mbele yake. Kwa hiyo, ndugu zangu, tulichambue taratibu.

Tuanze nyuma kidogo. Enzi za Peugeot 504, Datsun na Land Rover, dereva mwenye bisibisi, kipande cha msasa na subira aliweza kufanya mengi mwenyewe. Alisafisha kabureta, akasugua pointi, akarekebisha plagi, akaendelea na safari. Mambo yalibadilika baada ya biashara kulegezwa masharti katika miaka ya 1980, na hasa miaka ya 1990, pale magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kumiminika katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Magari hayo yalikuja na nozeli badala ya kabureta, na kompyuta ndogo ambayo mafundi wetu wanaiita kontroboksi. Nyuma yake zikafuata injini zenyewe, zikapangwa sakafuni madukani mithili ya viazi sokoni. Hapo ndipo wazo la kuongeza nguvu lilipopata miguu. Kama injini kubwa inauzwa pale Ilala, kwa nini niendelee na ndogo?

Sasa tujiulize: injini hupata wapi nguvu? Injini ni pampu ya hewa. Huvuta hewa, huichanganya na petroli, huuchoma mchanganyiko huo na kutupa moshi. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, zinatakiwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Maana yake ni kwamba huwezi kuongeza nguvu kwa kumwaga petroli zaidi tu. Lazima uongeze na hewa. Njia za kufanya hivyo ni tatu: injini yenye silinda kubwa zaidi, injini inayozunguka kwa kasi zaidi, au hewa inayosukumwa kwa nguvu iingie ndani. Hii ya tatu ndiyo kazi ya turbo, feni ndogo inayozungushwa na moshi wa eksosi.

Ndiyo maana watu wa bara wanaipenda turbo. Kadiri unavyopanda milima hewa inakuwa hafifu, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Gari lililokuwa jepesi Mombasa hufika Nairobi limepungukiwa na kiasi cha sehemu moja katika sita ya nguvu zake, na hakuna kilichoharibika.

Tuchukue mfano ambao vijana wa mjini wanaujua vizuri: Toyota Mark II aina ya GX100. Wengi wanayo yenye injini ya 1G-FE, silinda sita, cc 1,988. Zile za awali zina nguvu za farasi kiasi cha 140. Kijana anaiona injini ya 1JZ-GTE, nayo ya silinda sita, cc 2,491, yenye turbo, ambayo Toyota waliiandikia nguvu za farasi 280. Idadi hiyo haikuwa ya bahati. Ndicho kikomo ambacho viwanda vya Japani vilikubaliana kutokizidi katika matangazo yao, na makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Kwa hiyo kijana anapiga hesabu: nguvu mara mbili kwa kubadilisha injini tu! Nani asiyetaka?

Kabla hajatoa hata senti, mimi ningemwomba ajibu swali moja. Je, gari lako limepungukiwa na nguvu, au limepoteza nguvu lilizozaliwa nazo? Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Magari mengi yanayosemwa kuwa mazito ni wagonjwa. Chujio la hewa limeziba vumbi, plagi zimekwisha, nozeli ni chafu, ringi za pistoni zimelika. Kipo kipimo cha mgandamizo, saa ndogo inayofungwa mahali pa plagi, ambacho hueleza ukweli kwa dakika chache. Silinda zote zikisoma vizuri na kukaribiana, injini ina afya. Moja ikipungua kwa zaidi ya kilo moja kwa sentimita mraba kuliko wenzake, pana kasoro. Wako watu waliokwenda kununua injini mpya huku ile ya zamani ilikuwa inadai chujio na plagi tu.

Tuseme umepima, na bado unataka nguvu zaidi. Hapo ndipo swali letu linaporudi: nani ashike spana?

Katika kazi yangu ya utangazaji nimezunguka gereji nyingi, kuanzia Gerezani na Buguruni hadi Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ambayo wenyeji bado wanaiita Grogan. Nimekaa juu ya matairi yaliyotupwa, nikawatazama mafundi wakifanya kazi. Nilichojifunza ni kwamba tofauti kati ya kazi ya kufanya mwenyewe na kazi ya kulipia haitokani na ugumu wala uchafu wake. Inatokana na kipimo. Ipo kazi ambayo jicho na mkono vinatosha kuithibitisha, na ipo kazi ambayo bila chombo cha kupimia hakuna binadamu, awe fundi au profesa, anayeweza kujua kama imefanyika sawasawa.

Zile za kundi la kwanza fanya mwenyewe, wala usiogope. Kubadilisha oili na vichujio, plagi, betri, mipira ya rejeta, hata pedi za breki kama umeelekezwa mara moja na anayejua. Bomba la eksosi na chujio la hewa pia unaweza kuvibadilisha, ingawa usitarajie makubwa, kwa sababu kwenye injini isiyo na turbo vitu hivyo huongeza kelele nyingi na nguvu kidogo. Katika kazi hizi ukikosea utaona: oili itavuja, taa itawaka, gari litakataa kuwaka. Kosa linajitangaza lenyewe kabla ya kuleta hasara kubwa.

Sharti langu ni moja. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka vigingi vya chuma, na matairi yaliyobaki chini yatie vizuizi. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa.

Kundi la pili ni jambo jingine kabisa. Fikiria beringi za karanki, ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni. Kati ya beringi na mhimili hupita utando wa oili, na nafasi ya utando huo katika injini nyingi za magari madogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.05. Unywele wa kichwa chako aghalabu ni mnene kuliko hapo. Nafasi ikibana, oili haipiti na chuma kinasaga chuma. Ikilegea, presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga, kisha siku moja inanoki barabarani. Jicho gani litaona sehemu mbili za mia za milimita?

Au chukua silinda hedi. Gari likichemka, hedi hupinda. Kwa injini nyingi kiwango kinachovumiliwa ni milimita 0.05 tu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiirudisha bila kuipima kwa rula ya chuma na vipimo vya ubapa, gasketi mpya utakayoweka itaungua tena baada ya wiki kadhaa. Hata bolti za hedi zina utaratibu wake. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana maalumu inayoonyesha nguvu ya kukaza. Mkono wa fundi mwenye miaka ishirini kazini ni hodari, lakini mkono huo huo asubuhi una nguvu na jioni umechoka. Spana yenye kipimo haichoki.

Turbo nayo ina hatari yake. Hewa ikisukumwa ndani kwa wingi, petroli lazima iongezwe kwa wakati huo huo na cheche ya plagi irekebishwe. Petroli ikipungua, au ikiwa ya okteni ndogo kuliko ile injini iliyotengenezewa, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, na pistoni hutoboka. Ile 1JZ-GTE ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kupanga kontroboksi ya injini ya namna hiyo kunataka mtu mwenye kompyuta, chombo cha kusoma moshi wa eksosi, na uzoefu. Video ya simu haisomi moshi wa gari lako.

Kwa hiyo nasema tulipe gereji na kulala usingizi? La hasha. Hapa ndipo lilipo tatizo letu la mjini. Unaweza kulipa gereji na bado usipate kipimo. Gereji nyingi zilizo chini ya miembe yetu zina mafundi wenye akili na mikono ya dhahabu, lakini hazina vyombo. Na sisi wateja tunachangia. Tunamkalia fundi kooni juu ya bei, tunamkata nusu ya ujira, kisha tunashangaa kwa nini hakuipeleka bloku kwa wachonga vyuma ikapimwe. Aipeleke kwa fedha ipi? Akiona ujira umebana, hutafuta nafuu mahali pawili. Huruka hatua ambayo mteja haioni, au huchukua cha juu dukani anapotumwa vipuri. Rahisi ni ghali, walisema wazee, na katika injini ughali huo huonekana baada ya kilomita chache.

Kwa hiyo unapolipa, lipia kipimo. Mwambie fundi: "Nataka kujua silinda zimelika kiasi gani, karanki imesomaje, hedi imepinda au haikupinda, na nataka namba hizo kwenye karatasi." Mali bila daftari huisha bila habari. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kumpata mteja anayeelewa. Anayekujibu, "Wewe niamini tu, bosi," mshukuru, mwamkie, uondoke. Uwepo siku injini inapofunguliwa, na udai vipuri vya zamani virudi mikononi mwako. Na kama eksosi inabadilishwa, yaulizie yale masega yaliyomo ndani ya bomba. Yana madini ya platini, paladi na rodi, ambayo bei yake ni kubwa. Wenye magari wengi huyaacha gereji wakidhani ni takataka, kumbe wameacha sehemu nzuri ya gharama walizolipa, na juu ya hapo mji unapata moshi mchafu zaidi.

Ipo pia njia ya tatu, na naiona inawafaa wengi. Namfahamu mwalimu mmoja mwenye Corolla ya injini ya 4A-FE ambaye aliifumua mwenyewe wakati wa likizo. Alinunua kitabu cha matengenezo cha gari lile, akaweka kila bolti katika kopo lake na kuliandika jina. Hedi na bloku alizipeleka kwa wachonga vyuma, akawalipa bei waliyotaja, na akarudi na karatasi ya vipimo. Spana ya kupima mkazo aliiazima. Kazi ya kufungua, kusafisha na kufunga aliifanya yeye, na fundi mzoefu alilipwa ujira wa siku moja aje kukagua kabla injini haijawashwa. Baada ya kilomita 1,000 za kuendesha kwa upole alimwaga oili na kuweka mpya. Alitumia majuma matano kwa kazi ambayo gereji ingeifanya kwa moja. Lakini mwalimu huyo alikuwa na gari jingine la kutegemea, yaani daladala, na hakuwa na haraka. Mwenye teksi inayolisha watoto hawezi kusubiri majuma matano. Muda nao ni gharama, uuweke kwenye hesabu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika mazungumzo haya. Injini si gari zima. Jirani yangu mmoja aliifunga GX100 yake ile injini ya turbo. Kazi ya injini ilifanyika vizuri, kwa malipo, na vipimo. Akaenda Iringa, akapanda Mlima Kitonga akiyapita malori kama yamesimama. Wakati wa kurudi alishuka mlima huo huo na gia ya otomatiki ikiwa kwenye D, mguu wake ukiwa juu ya breki. Breki zilikuwa zile zile za injini ya zamani, na mafuta ya breki yalikuwa ya miaka mingi. Mafuta hayo hunyonya unyevu. Yakipata joto kali unyevu ule huchemka, na mvuke hubonyea kama puto. Pedali ikazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Alijiokoa kwa kushusha gia na kulisugua gari kwenye ukingo wa mlima. Yeye na abiria wake walitoka salama. Upande wa pili wa barabara lilikuwa korongo.

Hesabu yake ni fupi. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza imeongezeka zaidi ya mara mbili. Toyota wenyewe walipoiuza Mark II yenye injini ile ya turbo, waliipa na breki kubwa zaidi. Hawakufanya hivyo kwa mapambo. Kwa hiyo anayepanga fedha za kuongeza nguvu, apange kwanza za kusimamisha: diski na pedi, mafuta mapya ya breki, matairi mazima, shokapu. Halafu rejeta inayoweza kupoza injini kubwa, pamoja na themostati yake, ambayo mafundi wetu wengi hupenda kuing'oa ati inachemsha gari. Zikibaki fedha, ndipo tuzungumze juu ya turbo. Zisipobaki, basi huna fedha za turbo.

Liko na la karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha injini, kadi inayosema lingine ni matatizo, kwako na kwa atakayelinunua gari hilo. Nunua injini yenye risiti na hati za forodha, kisha upeleke taarifa kwa wanaohusika na usajili. Ijulishe pia kampuni yako ya bima. Bima iliyokatwa kwa gari la cc 1,988 inaweza kukukana siku ya ajali ikikuta chini ya boneti cc 2,491 na turbo ambayo haikuambiwa habari zake.

Basi jibu langu kwa walioniuliza ni hili. Kazi ambayo jicho lako linaweza kuihakiki, fanya mwenyewe. Itakupunguzia gharama na itakufundisha gari lako. Kazi inayotaka sehemu za mia za milimita, au kompyuta, mlipe mwenye vyombo, umlipe vizuri, na uondoke na vipimo mkononi. Kama huwezi kumlipa leo, subiri. Injini ya zamani iliyotunzwa itakufikisha kazini kila asubuhi, na ndani ya mji, ambako sheria inatuambia tusizidi kilomita 50 kwa saa, nguvu za farasi 140 zitakuwa zimebakiza nyingi sana za kupumzika.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.